Mbeleko ya Wote Haina Mfuaji: Historia ya Usafi wa Mashine za Kunyanyulia Wazee

Nchini Uingereza, mashine inayotumika kumnyanyua mzee kutoka kitandani hadi kwenye kiti ina heshima ambayo wafanyakazi wengi duniani hawajaipata. Kila baada ya miezi sita lazima ichunguzwe na mtu mwenye ujuzi, na matokeo ya uchunguzi huo yaandikwe na kuhifadhiwa. Sharti hilo limo katika kanuni za vifaa vya kunyanyulia za mwaka 1998, na linakigusa hata kitambaa kinachombeba mzee. Ukiingia katika nyumba ya kutunzia wazee ukauliza mashine ilikaguliwa lini, utaonyeshwa kibandiko chenye tarehe. Ukiuliza ni nani aliyeisafisha asubuhi hii baada ya kumnyanyua mzee wa chumba cha jirani, mara nyingi utapata jibu la wingi: “Huwa tunaisafisha.”

Makala haya yanahusu tofauti kati ya majibu hayo mawili. La kwanza lina tarehe na sahihi. La pili halina mtu. Hoja yangu ni kwamba historia ya usafi katika utunzaji wa wagonjwa, tangu karne ya 19 hadi leo, ni historia ya kuutafutia wajibu jina la mwenyewe. Kila mara jina lilipopatikana, watu walipona. Kila mara lilipofutwa kwa sababu ya fedha au ya dharau, watu walikufa.

Huenda mwanafunzi au mtumishi wa umma wa Dodoma au Nairobi akauliza mashine ya Uingereza inamhusu nini. Inamhusu kwa njia mbili. Kwanza, wanaoisukuma mashine hiyo leo ni pamoja na vijana wetu. Februari 2022 Uingereza iliwafungulia watunzaji wa kawaida viza yake ya wafanyakazi wa afya na utunzaji, na Wakenya, Watanzania na Waganda walikuwa miongoni mwa waliokwenda. Machi 2024 watunzaji wapya walizuiwa kuandamana na familia zao, na Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka ng’ambo ukafungwa. Waliotangulia bado wapo, na migongo yao ipo kazini. Pili, sisi wenyewe tunazeeka, na tutakapoanza kununua mashine hizi kwa wingi tutazinunua pamoja na makosa yake, tusipokuwa tumeisoma historia yake.

Msomaji ambaye hajaiona mashine hii aifikirie hivi. Ni mlingoti wa chuma uliosimama juu ya miguu miwili yenye magurudumu, miguu inayoweza kutanuliwa ili ipite pande zote mbili za kiti. Juu ya mlingoti kuna mkono unaopanda na kushuka kwa nguvu ya betri au kwa pampu. Mwisho wa mkono huo kuna upau wenye ndoano, na kwenye ndoano huangikwa kitambaa kigumu chenye mikanda, kinachopitishwa chini ya mgongo na mapaja ya mgonjwa. Sioni jina linalokifaa kitambaa hicho kuliko mbeleko, kwa kuwa kinafanya kwa mtu mzima kazi ileile ambayo mbeleko humfanyia mtoto mchanga. Hubeba uzito wake wote, hugusa ngozi yake, hupokea jasho lake, na mara nyingi hupokea pia haja zake.

Hapo ndipo swali la usafi linapoanzia. Mbeleko ya mtoto ina mama yake wa kuifua. Mbeleko ya nyumba ya wazee ni ya nani?

Tuanze Vienna. Mwaka 1846 kliniki ya kwanza ya uzazi katika Hospitali Kuu ya mji huo, iliyofundishia madaktari, ilihudumia wajawazito 4,010 na kuwapoteza 459. Kliniki ya pili, iliyofundishia wakunga katika hospitali hiyohiyo, ilihudumia 3,754 na kuwapoteza 105. Daktari Ignaz Semmelweis, Mhungaria, aliisumbukia tofauti hiyo hadi Machi 1847, rafiki yake Jakob Kolletschka alipokufa baada ya kuchomwa kisu akiwa anapasua maiti. Dalili za kifo chake zilifanana na za homa ya uzazi. Semmelweis akatambua kwamba madaktari na wanafunzi wao walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima akina mama. Kuanzia Mei 1847 aliamuru kila mmoja aoshe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 kliniki ya kwanza ilipoteza akina mama 45 kati ya 3,556.

Kisa hicho hufundishwa mashuleni kama kisa cha mikono. Sehemu yake ya pili haifundishwi sana, nayo ndiyo inayotuhusu. Semmelweis alipokuwa profesa huko Pest katika miaka ya 1850, homa ilipanda tena ingawa mikono ilikuwa inaoshwa. Safari hii aliyalaumu mashuka. Yalikuwa yakifuliwa vibaya, na mama mpya alilazwa juu ya uchafu wa mama aliyemtangulia. Ilimbidi agombane na utawala ili mashuka safi yapatikane. Funzo la Vienna lilihusu mwili wa daktari, ambao una mwenyewe. Funzo la Pest lilihusu kitambaa kinachozunguka kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, kupitia kwa mfuaji ambaye hakuna anayemwona, chini ya bajeti ambayo daktari haisimamii. Mbeleko ya leo ni mjukuu wa shuka lile la Pest.

Florence Nightingale aliliweka jambo hili katika lugha ya utawala. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 alitenga sura nzima kwa kile alichokiita usimamizi wa mambo madogo. Hoja yake ni kwamba muuguzi mwema anayefanya kila kitu kwa mikono yake mwenyewe bado hajafanya kazi yake ipasavyo, kwa kuwa akiondoka wema huondoka naye. Kazi ya msimamizi ni kuhakikisha kwamba jambo lililo sahihi linafanyika hata asipokuwepo. Msomaji aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya umma ataona kwamba fikra hiyo haijapitwa na wakati.

Sasa tuwafuate wazee. Uingereza ya karne ya 19 iliwahifadhi maskini wake, wakiwemo wakongwe wasio na watu, katika nyumba za maskini zilizosimamiwa chini ya sheria ya mwaka 1834. Zilikuwa nyumba za msaada na za aibu kwa pamoja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Sheria ya Msaada wa Taifa ya mwaka 1948 iliuzika mfumo huo na kuzipa halmashauri za mitaa wajibu wa kuwapatia makao watu waliohitaji kutunzwa kwa sababu ya umri au maradhi. Lakini sheria inaweza kubadilika kwa siku moja. Majengo hayabadiliki hivyo. Mwanasosholojia Peter Townsend alizitembelea nyumba 173 za wazee huko England na Wales, na mwaka 1962 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba wazee wengi waliendelea kuishi katika majengo yaleyale ya zamani, pamoja na tabia zake: vyumba vya watu wengi, uhaba wa faragha, na mtu kugeuzwa sehemu ya ratiba. Katika miaka ya 1980 fedha za hifadhi ya jamii zikaanza kulipia nafasi katika nyumba za watu binafsi, nazo zikaongezeka kwa kasi. Mzee akawa mkazi wa biashara, na kila kitu kilichomgusa, mbeleko ikiwemo, kikawa gharama katika vitabu vya mtu.

Mashine yenyewe iliingia kwa mlango mwingine. Nchini Marekani, jina la Ted Hoyer wa Oshkosh, Wisconsin, mtu aliyepooza akaishughulikia shida yake mwenyewe, liligeuka kuwa jina la kawaida la mashine ya aina hii. Huko Uingereza, hata hivyo, kilichoisukuma ienee ni migongo ya wauguzi. Kwa vizazi kadhaa muuguzi alifundishwa mbinu za kumnyanyua mgonjwa kwa mikono, kana kwamba mwili wa mwanamke wa kilo 60 ungeweza kumbeba mwanamume wa kilo 90 mara kumi kwa siku kwa miaka thelathini bila kuvunjika. Chama cha wauguzi na watetezi wa walioumia migongo walipiga kelele. Jumuiya ya Ulaya ikatoa agizo mwaka 1990, na Uingereza ikatunga kanuni za kunyanyua mizigo kwa mikono za mwaka 1992, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 1993. Mwajiri alitakiwa kuepusha unyanyuaji wa hatari kila inapowezekana. Kanuni za mwaka 1998 zikaongeza sharti la ukaguzi nililoanza nalo.

Huo ulikuwa ushindi wa wafanyakazi na tuuheshimu. Ila tuangalie ulilinda nini. Kanuni za 1992 zilizaliwa kwa ajili ya mgongo wa mfanyakazi. Kanuni za 1998 zilizaliwa ili chuma kisivunjike na mkanda usikatike. Heshima ya anayenyanyuliwa ilibidi idaiwe mahakamani. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya England iliamua shauri kati ya dada wawili wenye ulemavu mkubwa na halmashauri ya East Sussex, kuhusu sera ya kutowanyanyua watu kwa mikono. Jaji alisema kwamba usalama wa mtunzaji na utu wa mlemavu ni haki mbili zinazopaswa kupimwa pamoja, na kwamba katazo lisilobagua hali haliwezi kusimama. Kwa hiyo mgongo ulikuwa na sheria yake, mkanda ulikuwa na sheria yake, na utu ukapata hukumu yake. Usafi wa mbeleko uliachiwa busara ya nyumba yenyewe.

Sayansi nayo ilikuwa na upofu wake. Katika miaka ya 1950 na 1960, mtaalamu wa vijidudu Earle Spaulding wa Philadelphia aliviainisha vifaa vya tiba katika makundi matatu. Vinavyoingia ndani ya mwili au katika damu vitakaswe kabisa. Vinavyogusa utando laini kama wa kinywa visafishwe kwa dawa kali. Vinavyogusa ngozi nzima tu vinatosha kusafishwa kwa kawaida. Uainishaji huo ni wa busara na unatumika hadi leo, hata katika miongozo yetu. Mbeleko, kwa kuwa inagusa ngozi, huangukia kundi la tatu, la mwisho kwa hatari.

Lakini ngozi nzima ni ya nani? Mzee anayehitaji mashine ndiye yule asiyeweza kujigeuza kitandani. Mara nyingi ana vidonda vya mgandamizo kiunoni na visiginoni. Ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi na huchubuka kwa kuvutwa tu. Pengine amevaa nepi inayovuja wakati mikanda inapombana. Neno “ngozi nzima” lilimfikiria mgonjwa wa wastani, ilhali mbeleko haikutengenezwa kwa mgonjwa wa wastani. Hivi ndivyo uainishaji mzuri unavyoweza kumkosea haki mtu dhaifu kuliko wote: kwa kumhesabu pamoja na wenye nguvu.

Wakati huohuo vijidudu vilikuwa vikibadilika. Mwaka 1961, muda mfupi baada ya dawa ya methicillin kuanza kutumika, watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa wamepata bakteria walioishinda, wale wanaojulikana sasa kwa kifupi cha MRSA. Mwaka 1978 ilithibitika kwamba bakteria mwingine, Clostridium difficile, ndiye anayesababisha kuhara kwa hatari kunakowapata watu waliotumia antibayotiki, wazee wakiwa wahanga wakuu. Bakteria huyu hujifunika katika spora, mfano wa mbegu yenye ganda gumu, akakaa juu ya chuma na kitambaa kwa miezi. Pombe ya kupaka mikononi haimuui. Kinachomuua ni klorini. Baada ya miaka zaidi ya mia, hospitali zikarudi kwenye beseni la Semmelweis.

Zilirudi zikiwa zimechelewa, kwa sababu ya uamuzi wa kisiasa. Mwaka 1983 serikali ya Margaret Thatcher iliziagiza mamlaka za afya kushindanisha kwa zabuni huduma za usafi, ufuaji na chakula. Hata pale ambapo wafanyakazi wa ndani walishinda zabuni, walishinda kwa kupunguza watu na saa. Mfagizi aliyekuwa wa wodi, aliyejua kitanda cha nani kina tatizo gani, akageuka mtu wa mkataba mwenye orodha ya sakafu na vyoo. Vifaa vinavyotembea, kama kiti cha choo na mashine ya kunyanyulia, vilidondoka katikati. Msafishaji alisema ni vya wauguzi, na wauguzi walidhani ni vya wasafishaji. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa chombo hakikuwa na nahodha hata mmoja, kila mtu akidhani yumo mwenzake.

Hesabu ilikuja kulipwa. Kati ya Oktoba 2003 na Juni 2005, hospitali ya Stoke Mandeville ilikumbwa na milipuko miwili ya Clostridium difficile. Taarifa ya tume ya ukaguzi wa huduma za afya ya Julai 2006 ilitaja wagonjwa 334 walioambukizwa na vifo visivyopungua 33. Ilieleza kwamba viongozi waliweka mbele malengo ya serikali na udhibiti wa fedha, wakapuuza ushauri wa wataalamu wao wenyewe wa maambukizi. Mwaka uliofuata, taarifa ya hospitali za Maidstone na Tunbridge Wells ilihusisha takriban vifo 90 na ugonjwa huohuo. Stoke Mandeville ina uzito wa pekee katika simulizi hii. Ni hospitali ileile ambako Ludwig Guttmann, kuanzia mwaka 1944, aliwaokoa askari waliovunjika uti wa mgongo kwa kusisitiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ambako mwaka 1948 alianzisha mashindano yaliyozaa Paralimpiki. Mahali palipoufundisha ulimwengu jinsi ya kumshika mtu asiyeweza kusogea palishindwa, miaka 60 baadaye, kuwakinga dhaifu wake. Sisemi kwamba mashine za kunyanyulia ndizo zilizoua pale. Nasema kwamba maradhi yanayosafiri kwa njia ya vitu vya pamoja hustawi pale vitu vya pamoja vinapokosa mwenyewe.

Baada ya hapo sheria zilikuja kwa kasi: sheria ya afya ya 2006 pamoja na mwongozo wake wa kuzuia maambukizi, sheria ya 2008, tume mpya ya ukaguzi mwaka 2009, kisha kanuni za 2014 zilizotamka wazi kwamba majengo na vifaa vyote vinavyotumika katika utunzaji lazima viwe safi na vitunzwe ipasavyo. Nyumba za wazee zikaingizwa humo. Usafi wa mbeleko ulipata sheria, miaka zaidi ya kumi baada ya mkanda wake.

Je, jambo hilo limekwisha? Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtunzaji katika mji mmoja wa kaskazini mwa England, alinieleza hali ilivyo katika nyumba anayofanyia kazi. “Mwalimu,” aliniambia, “sheria tunayo, hata bango ukutani lipo. Tatizo ni hesabu. Mbeleko ya saizi ya kati wanaitumia wazee watatu. Mmoja akiichafua asubuhi inakwenda kufuliwa, nayo hairudi hadi jioni. Hapo nichague: nimwache bibi kitandani siku nzima apate vidonda, au nichukue ya jirani yake.”

Nimeyatafakari sana maneno ya binti huyo, kwa sababu yanaondoa suala hili katika uwanja wa maadili ya mfanyakazi na kulirudisha katika uwanja wa mipango. Kila mzee anahitaji mbeleko yake yenye jina lake, na ya pili ya kuvaa zamu wakati ya kwanza inafuliwa. Pasipo idadi hiyo, semina ya usafi ni kumtwisha mtunzaji lawama ya mnunuzi.

Ufuaji wenyewe una elimu yake. Miongozo ya Uingereza hutaka nguo za wagonjwa zifuliwe kwa joto la nyuzi 71 kwa dakika tatu au 65 kwa dakika kumi. Lakini mbeleko ina lebo ya mtengenezaji, na si kila mbeleko inastahimili joto hilo, wala klorini, wala kukaushwa kwa mashine. Klorini inayoua spora hula nyuzi na mishono. Hivyo mtu anaweza kuisafisha mbeleko hadi ikatike mzee akiwa hewani. Ndiyo maana baada ya kila ufuaji lazima ikaguliwe kwa macho na vidole: mishono, vitanzi, lebo. Mbeleko isiyosomeka lebo iondolewe, kwa kuwa haijulikani tena inabeba kilo ngapi wala inafuliwaje. Zipo pia mbeleko za mtu mmoja, zisizofuliwa kabisa, ambazo hutupwa zikichafuka au mwenyewe akiondoka. Kuzifua ili kubana matumizi ni hatari.

Mashine nayo ina sehemu zinazosahaulika. Watu hupangusa mlingoti unaoonekana, wakaacha kidhibiti chenye vitufe ambacho kila mtunzaji hukishika, mikono ya kusukumia, upau wa ndoano unaopita karibu na uso wa mzee, na magurudumu yanayozoa uchafu wa vyumba vyote. Zile za kumsaidia mtu kusimama zina pia ubao wa miguu na mto wa magoti. Utaratibu ni kuanza na maji na sabuni, kwa kuwa dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha dawa, iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kisha kifaa kikauke. Hufanywa kila baada ya mzee mmoja na kabla ya mwingine. Ni kazi ya dakika chache, ila mara kumi kwa siku dakika hizo ni saa nzima, na saa ya mtunzaji ina mshahara. Nyumba isiyoihesabu saa hiyo katika ratiba imekwisha kuamua kwamba isifanyike, hata kama haijaliandika hilo popote.

Turudi nyumbani. Kwetu wazee walio wengi hutunzwa na jamaa zao, na wachache wasio na watu huishi katika makazi ya serikali au ya mashirika ya dini, kama Nunge kule Kigamboni au Welezo na Sebleni kule Unguja. Mashine ya kunyanyulia ni nadra. Chombo chetu ni shuka au kanga: watu wawili hushika pembe, wakahesabu moja mbili tatu, mzee akapanda. Shuka hilo ni mbeleko kwa kila maana. Hubeba uzito, hugusa kidonda, hupokea haja, na katika wodi zetu huweza kupita kitanda hadi kitanda. Tunachokihitaji kwa usafi wake si kigeni: maji, sabuni, jiki iliyochanganywa kwa kipimo, jua, na shuka la pili.

Sheria pia tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka huohuo, na Sheria ya Afya ya Umma ya 2009. Tangu mwaka 2007 hospitali zetu zimefundishwa mfumo wa 5S kutoka Japani, ambao msingi wake ni kwamba kila kitu kiwe na mahali pake na utaratibu wake. Msomaji aliye mtumishi wa umma anaufahamu kutokana na vibandiko vyake vya rangi. Tunachokosa ni kuzifunga sheria hizo tatu katika fundo moja mahali zinapokutana, yaani kwenye mgongo wa anayenyanyua na ngozi ya anayenyanyuliwa. Tukiziacha mbalimbali tutairudia Uingereza ya mwaka 1998: cheti cha ukaguzi ukutani, na kitambaa kichafu kwenye ndoano.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba sisi bado tunatafuta dawa na vitanda. Jibu langu ni kwamba Stoke Mandeville haikukosa fedha za sabuni. Ilikosa kuwasikiliza waliojua. Kuandika jina la mtu katika daftari la zamu hakugharimu chochote, na shuka la pili ni rahisi kuliko antibayotiki ya wiki moja. Umaskini unaeleza kwa nini hatuna mashine. Hauelezi kwa nini hatujui nani alifua shuka.

Litasemwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba kufua na kupangusa si kazi ya msomi wala si hoja ya kisiasa. Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wenzangu. Siasa ni namna jamii inavyogawa kazi, fedha na heshima. Tunapompa mkaguzi wa chuma cheti na posho, kisha mfuaji wa mbeleko tukamlipa ujira wa mwisho na kumwita kwa jina la kazi yake badala ya jina lake, tumeshapiga kura. Tumesema tunaogopa mzee asianguke mbele ya mashahidi, wala hatuogopi aoze polepole pasipo shahidi.

Kwa hiyo wito wangu ni mdogo na unatekelezeka. Enyi mnaoandika miongozo ya makazi ya wazee na wodi zetu, andikeni idadi ya mbeleko au mashuka kwa kila mzee kabla ya kuandika aina ya dawa. Andikeni dakika za usafi katika ratiba ya zamu. Wekeni daftari lenye safu tatu: kifaa, saa, jina. Nanyi wanaharakati mnaokwenda kukagua, msiridhike na kibandiko cha miezi sita. Ulizeni nani aliisafisha leo, na msikubali jibu la wingi.